Kabla ya Printa, Uliza Karatasi

Leo tuzungumze juu ya kitu ambacho kila mwenye duka na kila mwenye mgahawa hukutana nacho mapema, na wengi hukinunua harakaharaka siku mbili kabla ya kufungua mlango: printa ya risiti. Ile mashine ndogo ya kaunta inayotoa kikaratasi chenye jina la biashara, orodha ya vitu na jumla ya fedha.

Swali ninaloulizwa ni lilelile siku zote: ninunue ipi? Anayeuliza anategemea nimtajie kampuni na bei, basi, aende dukani. Mimi humrudishia swali lake: karatasi utanunua wapi? Printa unanunua mara moja, na ukipata nzuri inakaa miaka. Karatasi utainunua kila wiki mpaka siku utakayofunga biashara. Karatasi ndiyo itakayokuwa mkononi mwa mteja, ndiyo itakayobandikwa mbele ya mpishi, ndiyo mhasibu atakayoifungua miaka mitatu baadaye akitafuta tarakimu. Kwa hiyo mimi nashikilia hivi: chagua karatasi kwanza, ujue inaishia mikononi mwa nani na inapitia wapi, kisha tafuta mashine inayoimudu.

Kabla hatujaingia huko, kuna jambo limewagharimu watu fedha na sitaki limgharimu mwingine. Kwa Tanzania Bara, printa ya kawaida ya risiti si mashine ya EFD, yaani ile inayotoa risiti ya kodi. Mashine za EFD zilianza kutumika mwaka 2010 kwa wafanyabiashara waliosajiliwa VAT, baadaye zikaenea kwa wengine wengi. Risiti ya EFD ina TIN ya muuzaji, yaani namba yake ya mlipakodi, namba ya ripoti ya Z, ile ya mauzo ya siku, namba ya uhakiki na msimbo wa QR ambao mteja anaweza kuupiga picha kwa simu akaona kama kweli mamlaka ya mapato, TRA, inaitambua. Kikaratasi cha printa ya kawaida, hata kiwe kizuri namna gani, hata kiwe na nembo ya duka juu na shukrani chini, hakina hayo. Wako watu wamenunua printa ya kisasa kwa fedha nyingi wakidhani wamemaliza suala la kodi, wakajikuta wanatakiwa kununua mashine nyingine.

Kwa hiyo anza kwa kuuliza upo kundi gani. Duka dogo la rejareja linaweza kumalizia kazi yake yote kwenye mashine moja ya EFD ya mkononi, yenye kibodi na printa ndani, wala lisihitaji kitu kingine. Duka lenye kompyuta kaunta linaweza kutumia printa ya EFD inayounganishwa na kompyuta hiyo. Na siku hizi kuna VFD, ambapo risiti ya kodi inatengenezwa na programu kwenye simu au kompyuta, ikishapata namba zake unaichapa kwa printa ya kawaida. Hapo ndipo printa hizi ndogo zimepata kazi mpya. Zanzibar wana mfumo wao chini ya mamlaka yao ya mapato, ZRA. Wasikilizaji wetu wa Kenya nao wamepita njia hiyohiyo: walianza na mashine za risiti za kodi za ETR mwaka 2005, kisha mwaka 2023 ukaja mfumo wa eTIMS wa mamlaka ya mapato ya Kenya, KRA, na mfanyabiashara anaweza kutengeneza ankara kwenye programu akaichapa kwa mashine aliyonayo. Nenda kaulize ofisi ya kodi ya eneo lako kabla hujatoa shilingi. Kuuliza ni bure.

Sasa turudi kwenye karatasi.

Karatasi za kaunta ziko za upana wa aina mbili hasa. Kuna nyembamba, ya milimita 57 au 58, na kuna pana, ya milimita 80. Nyembamba ndiyo unayoiona kwenye mashine nyingi za mkononi, za EFD na hizi ndogo zinazoshirikiana na simu. Pana ndiyo ya supamaketi na migahawa mikubwa. Watu huchagua nyembamba kwa sababu mashine yake ni rahisi, na kwa duka la vocha, sabuni na sukari haina tatizo. Lakini sikiliza hesabu hii. Kwa herufi za kawaida, karatasi nyembamba inabeba herufi 32 kwenye mstari mmoja. Pana inabeba 48. Sasa chukua chakula kimoja tu cha pwani: wali wa nazi na samaki wa kupaka. Ukihesabu herufi pamoja na nafasi zilizo kati ya maneno, ni 32 kamili. Yaani jina limejaza mstari mzima, idadi na bei hazina pa kukaa, zinashuka mstari wa pili. Mezani wakiwa watu sita, kila mmoja na chakula chake na kinywaji chake, risiti inakuwa ndefu kama mkanda na mteja hajui bei ipi ni ya nini. Kwenye karatasi pana, jina lilelile linabakiza nafasi 16 za kuandika idadi na bei, na kila kitu kinakaa mstari mmoja.

Lugha yetu ina maneno marefu, na majina ya bidhaa zetu ni marefu. Ukiwa na mgahawa, au duka la vifaa vya ujenzi ambako bati linaandikwa geji, futi na rangi yake, chukua karatasi pana. Nasema bila kusita.

Kuna pia sababu ya pili, nayo ni urefu wa karatasi iliyomo kwenye roli. Roli ya milimita 80 yenye kipenyo cha milimita 80, ikifungwa vizuri, ina mita zipatazo 80. Roli ndogo ya milimita 57 yenye kipenyo cha 40 haifiki mita 20, na nyingi zina chini ya hapo. Tuseme mgahawa wako unatoa risiti 150 kwa siku, kila moja na urefu wa sentimita 20. Hizo ni mita 30 kwa siku. Roli kubwa inakupeleka siku mbili na nusu hivi. Kwa roli ndogo utakuwa unabadilisha kila baada ya saa chache, na mara nyingi itaisha saa saba mchana, foleni ikiwa imefika mlangoni, na kijana wa kaunta anahangaika kuitafuta nyingine kwenye droo.

Hapa pana ujanja wa wauzaji ambao lazima uujue. Roli mbili zinaweza kuwa na kipenyo kilekile kwa nje, moja ikawa na karatasi nyingi na nyingine kidogo. Iliyopunguzwa ina bomba nene la plastiki katikati, au imefungwa kwa kulegea. Kwa macho huoni. Lakini wewe mwenye duka una mizani! Roli ya milimita 80 yenye mita 80 za karatasi ya kawaida, ile ya gramu 55 kwa mita ya mraba, inapaswa kuwa na uzito wa gramu 350 hivi. Ukiiweka kwenye mizani ikasoma 220, umeuziwa hewa. Pima roli moja kabla hujanunua katoni. Muuzaji mwaminifu hatachukia.

Karatasi hii haina wino, na printa yake haina wino. Upande mmoja umepakwa dawa yenye rangi isiyoonekana, ambayo huwa nyeusi ikipata joto. Ndani ya printa kuna kichwa chenye mstari wa vidoti vidogo sana vya kupasha moto, vinane katika kila milimita moja. Karatasi ikipita chini yake, vidoti vinapata moto na kupoa kwa kasi, na herufi zinatokea. Ndiyo maana zina kasi, hazipigi kelele, wala hakuna riboni ya kubadilisha. Na ndiyo maana ukiiweka roli kinyumenyume karatasi inatoka nyeupe kabisa, mtu anaita fundi na kumlipa kwa kazi ya kugeuza roli. Ujue upande wa dawa kwa kukwaruza karatasi haraka kwa ukucha. Msuguano unatoa joto, na mstari wa kijivu au mweusi utatokea. Upande huo ndio uelekee kwenye kichwa.

Lakini kitu kinachoandikwa kwa joto kinaharibiwa na joto pia. Karatasi hizi zinaanza kuchukua weusi zikifika nyuzi joto 60 au 70. Iache risiti juu ya dashibodi ya gari lililoegeshwa juani Dodoma au Dar es Salaam, jioni utaikuta imekuwa kijivu. Mafuta nayo yanafanya kazi tofauti: yanafuta. Losheni, mafuta ya kupikia, na hata plastiki laini ya pochi au ya faili zile za kuonyesha, vyote vinafifisha maandishi. Spiriti ya kusafishia mikono inaipa madoa meusi.

Sasa fikiria hilo pamoja na sheria. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara wa Tanzania atunze kumbukumbu zake kwa miaka mitano. Na wewe mwenye duka si muuzaji tu, ni mnunuzi pia. Ukitoka kununua mzigo Kariakoo, risiti unazorudi nazo ndizo ushahidi wa gharama zako. Ukizitumbukiza kwenye mfuko wa plastiki na kuuacha stoo iliyo chini ya bati, baada ya mwaka utafungua mfuko uliojaa vipande vyeupe. Zipige picha siku ileile, au zitolee kopi kwenye karatasi ya kawaida, na zile halisi uzitie kwenye bahasha ya karatasi mahali pasipo na jua. Risiti ya EFD inabaki kwenye kumbukumbu za mfumo, ni kweli, lakini atakayeulizwa ni wewe, na ni wewe unayetakiwa kuonyesha.

Na kama unauza vitu vyenye waranti, yaani friji, simu, betri za sola, basi mteja wako atairudisha karatasi hiyo baada ya miezi kumi. Inaumiza kumwona mama amesimama kaunta na friji mbovu, ameshika kikaratasi cheupe alichokitunza vizuri ndani ya pochi yake, na muuzaji anamwambia hana ushahidi kwamba ameinunua hapo. Hakufanya kosa lolote. Kwa biashara kama hiyo, mimi nasema toa risiti ya kodi kama sheria inavyotaka, lakini umpe na ankara ya karatasi kubwa ya kawaida iliyochapwa kwa wino, yenye namba ya kifaa. Gharama yake ni ndogo sana mbele ya ugomvi mmoja na mteja.

Jambo jingine la karatasi linahusu afya, nalo halisemwi sana kwetu. Nyingi ya karatasi hizi zimetumia dawa iitwayo BPA. Umoja wa Ulaya, tangu Januari 2020, hauruhusu karatasi za namna hii zenye BPA kufikia asilimia 0.02 ya uzito wake. Mteja anayeshika risiti moja kwa siku si wa kumhofia sana. Ninayemfikiria ni kijana wa kaunta anayeshika mia mbili, tena mkono wenye losheni au mafuta unaivuta dawa hiyo kwa urahisi zaidi. Na katika migahawa mingi midogo, mkono unaotoa risiti ndio unaofunga chapati. Tafuta katoni zilizoandikwa kwamba hazina BPA, na uwawekee wafanyakazi wako sabuni na maji karibu na kaunta. Wanaohudumia chakula wasishike risiti na chakula kwa mkono uleule bila kunawa.

Tuingie jikoni sasa, kwa sababu huko ndiko makosa makubwa yanakofanyika.

Mgahawa ukianza kukua, mwenye nao anachoka kuona wahudumu wanapiga kelele dirishani: chipsi kuku mbili, ndizi nyama moja! Anaamua kuweka printa jikoni, oda ziingie zenyewe kutoka kaunta au kutoka kwenye simu ya mhudumu. Uamuzi mzuri. Kisha anaenda dukani na kununua printa ya pili kama ile ya kaunta, kwa kuwa imemfaa. Anaiweka juu ya rafu, hatua moja kutoka kwenye karai.

Niliwahi kusimama kwenye jiko la namna hiyo wakati wa chakula cha mchana. Mpishi alikuwa na waya umefungwa juu ya meza yake, na kwenye waya ule amening'iniza oda sita kwa vibanio vya nguo. Mvuke wa mafuta unapanda moja kwa moja. Oda mbili za mwanzo, zilizo karibu zaidi na moto, zilikuwa zimeshakuwa rangi ya majivu. Akaivuta moja, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza huku na huku. Alikuwa anatafuta kama imeandikwa bila pilipili. Hakupata. Akamwita mhudumu, mhudumu akarudi mezani kuuliza, na mteja aliyekuwa na saa moja ya mapumziko ya kazini akaanza kutazama simu yake kila dakika. Mpishi yule alikuwa hodari, na mhudumu hakuwa mzembe. Karatasi ndiyo haikuwa ya mahali pale.

Kwa jikoni kuna printa ya namna nyingine, ya zamani, ambayo wengi wanadhani imepitwa na wakati: printa ya sindano. Hii ina kichwa chenye sindano tisa zinazogonga riboni yenye wino juu ya karatasi ya kawaida, kwa kawaida ya upana wa milimita 76. Joto la jiko haliwezi kuifanya karatasi hiyo kuwa nyeusi. Mafuta yatailowesha, lakini maandishi yatasomeka. Ukitumia karatasi ya nakala mbili, unapata oda moja ya mpishi na moja ya mhudumu kwa mpigo mmoja, jambo ambalo printa ya joto haiwezi. Nyingine, kama Epson TM-U220, zinapokea riboni ya rangi mbili, nyeusi na nyekundu, na programu ikiwekwa sawa, maneno kama bila chumvi au mteja ana mzio wa karanga yanatoka mekundu. Na ile kelele yake, krrr krrr, ambayo kaunta ingewachosha wateja, jikoni ni faida. Mpishi ameinamia sufuria, mgongo umeelekea mashine, feni inavuma, lakini anasikia kwamba oda imeingia.

Ni nzito, ina kasi ndogo, na riboni utainunua. Bado kwa jiko lenye moto wa kweli mimi sioni mbadala wake. Kama jiko lako ni la juisi, saladi na sandwichi, printa ya joto inatosha, ila chagua yenye kengele ya kuita.

Oda iliyochapwa inalinda pia fedha zako. Mashine ya kwanza ya kurekodi mauzo ilibuniwa na mwenye baa. Alikuwa James Ritty wa Dayton, Ohio, aliyepata hataza yake mwaka 1879 pamoja na ndugu yake John, kwa sababu fedha za baa yake zilikuwa zinapotea mikononi mwa wahudumu. Shida ya Ritty ipo mpaka leo Sinza na Nyali. Sahani isitoke jikoni bila oda iliyochapwa, na jioni idadi ya oda ilingane na idadi ya risiti. Ukishaweka utaratibu huo, hata mfanyakazi mwaminifu anapumua, kwa kuwa hesabu ikipungua kuna pa kuangalia kabla ya kumtazama yeye usoni.

Namna ya kuunganisha nitaigusa kwa haraka. Printa moja na kompyuta moja, tumia waya wa USB, umemaliza. Unauza kwa simu sokoni au kwenye kibanda, chukua ndogo ya Bluetooth yenye betri, lakini kumbuka kwamba nyingi zinashika simu moja kwa wakati mmoja, na kama simu yako ni iPhone hakikisha kabla ya kulipa kwamba zinaelewana, kwa maana nyingi za bei nafuu hazielewani nayo. Una wahudumu wanne wenye simu na printa mbili, moja kaunta na moja jikoni, basi nunua zenye tundu la waya wa mtandao, mtu wa mitambo aziwekee anwani zisizobadilika. Bluetooth hapo itakutesa.

Uliza vilevile kama printa inaelewa amri za ESC/POS. Hizi ni amri zilizotoka Epson, kampuni ya Kijapani iliyotokana na kiwanda kilichotoa printa ndogo ya EP-101 mwaka 1968, na leo karibu kila mtengenezaji wa printa za risiti anazifuata, zikiwemo hizi za China zilizojaa Kariakoo na barabara ya Luthuli jijini Nairobi. Faida yake ni kwamba siku printa ikifa unanunua ya kampuni nyingine na programu yako inaendelea kufanya kazi. Printa yenye lugha yake peke yake inakufunga kwa muuzaji mmoja, hata ikiwa ya bei ya kutupa.

Kuhusu uimara, usitishwe na maneno ya dukani. Watengenezaji wengi wa printa za kaunta huandika kwamba kichwa kinadumu kilomita 100 au 150 za karatasi. Ule mgahawa wetu wa mita 30 kwa siku utahitaji miaka tisa kumaliza kilomita 100. Kwa hiyo kichwa hakitaisha kwa kazi. Kitakufa kwa uchafu, kwa karatasi ya hovyo inayokikwaruza kama msasa, na kwa umeme. Vumbi la unga na la saruji linaingia kila mahali, na ukiwa Tanga au Mombasa karibu na bahari, chumvi inafuata. Zima mashine, iache ipoe, ufute kichwa kwa pamba yenye spiriti mara moja kwa wiki. Ukiona mstari mweupe mwembamba unashuka risiti nzima kutoka juu hadi chini, futa kwanza kabla hujaita fundi. Mara nyingi ni uchafu. Ukibaki baada ya kufuta, kidoti kimeungua.

Umeme ukirudi baada ya kukatika unaweza kurudi na kishindo, na adapta ya printa ndiyo ya kwanza kuungua. Weka kinga ya umeme, na kama unaweza, UPS ndogo ya kubeba kompyuta, ruta na printa. Unaponunua, uliza adapta ya akiba inauzwa kiasi gani na ipo leo. Muuzaji akikuambia tutaiagiza, tafuta printa nyingine. Uliza vilevile kuhusu kisu cha kukatia karatasi. Kisu cha kujiendesha ni raha kwenye foleni, lakini kikikwama na kipande cha karatasi unahitaji kujua pa kukifungulia. Mwambie akuonyeshe, ufungue mwenyewe kwa mkono wako palepale.

Halafu usilipe mpaka umeiona ikifanya kazi yako. Ukurasa wa majaribio unaotoka kwa kubonyeza kitufe hauthibitishi kitu. Nenda na simu yako au kompyuta yako yenye programu unayotumia, uchape risiti halisi ya bidhaa zako kumi zenye majina marefu kuliko yote. Chapa mfululizo, ishirini kwa mkupuo, uone kama inachelewa au maandishi yanafifia kadiri inavyoendelea. Kama una droo ya fedha, ichomeke kwenye tundu lake uone inafunguka risiti inapotoka. Badilisha roli mwenyewe. Kama imekushinda wewe ukiwa umetulia dukani, itamshinda kijana wako foleni ikiwa imefika mlangoni.

Ukishaifikisha nyumbani kwake, kaa na anayekuwekea programu mpange kikaratasi chenyewe. Jina la biashara, mtaa, namba ya simu inayopokelewa, TIN, tarehe na saa. Kama unapokea malipo kwa lipa namba, iandike chini, ili mteja aliyeagiza chakula cha kupelekewa alipe bila kupiga simu. Maneno yawe ya Kiswahili. Nimeona risiti za migahawa yetu zimejaa maneno ya kigeni ambayo mteja hayahitaji, na hata mhudumu hawezi kumfafanulia. Andika Jumla, Umelipa, Chenji.

Na hiyo Jumla iwe kubwa. Kila printa inayofuata amri nilizozitaja inaweza kukuza herufi mara mbili kwa kimo na kwa upana, ni suala la kuweka alama moja kwenye programu. Wateja wako wengi ni watu wa makamo na wazee, taa za jioni hafifu, miwani imebaki nyumbani. Mwambie mtaalamu wako aongeze ukubwa wa mstari huo, kisha mpe karatasi mzee yeyote aliyekaa karibu, aisome kwa mkono ulionyooka.